Runinga Ituambie Mapema

Kipindupindu kinapoingia mitaani, runinga hutuonyesha wagonjwa na kutuhimiza tuchemshe maji. Ni nasaha njema, nasi twaifuata. Lakini maji hayo yalichafukia wapi, na bajeti ya kaunti imeyatengea nini? Tangu 2013 huduma za afya zimo mikononi mwa kaunti, na Kifungu cha 196 cha Katiba chataka wananchi washirikishwe katika kazi za bunge la kaunti. Mama hawezi kuhudhuria kikao ambacho hakupata habari zake. Runinga ya umma ni amana: itutangazie vikao mapema, kwa Kiswahili. Nasi, dada zetu, tukisikia twende, tukaulize habari za mabomba na zahanati kabla mtoto hajaugua. Wabillahi tawfiq.