Sisi makapera wa Gatsata

Mwingereza Charles Lamb, aliyekufa kapera, aliwaandika wenye ndoa: eti wanamringia mgeni kwa mapendo yao, na rafiki wa zamani wanamsukuma nje polepole. Tulicheka, kisha tukanyamaza. Kuna mwenzetu tuligawana naye godoro miaka minne hapa mlimani. Tangu aoe, habari zake tunazisikia kwa majirani! Tukimtembelea, bibi yake anauliza tu, "Na ninyi, lini?" Halafu tunapewa mtoto tumbebe, akitukojolea, wote wanacheka, na sisi pia. Juzi mmoja wetu alipolala na malaria, nani alipanda na uji kwenye chupa ya chai? Bibi yule yule. Akamimina, akauliza, "Na wewe, lini?"