MAMBO YA NJIANI: Pikipiki Kuukuu na Vilima vya Machakos

Msomaji wetu mmoja wa Mutituni, mkulima wa kahawa, ameniletea barua ya kutaka shauri. Marehemu baba yake alimwachia pikipiki ya B.S.A. namna ya M20, nayo imelala ghalani miaka mingi chini ya magunia. Mnunuzi wa vyuma chakavu amekwisha kuja mara mbili, akitaka kuipima kwa kilo. Mwanawe naye, ambaye kazi yake ni bodaboda, ataka kuifufua aipande mpaka Kituluni na kuzunguka vilima vya Iveti. Je, auze au ampe kijana?

Bwana, usiiuze kwa kilo. Pikipiki hizo zilitengenezwa Birmingham, Uingereza, tangu mwaka 1937 hata 1955, na wakati wa Vita Kuu ya Pili zaidi ya 120,000 zilipewa jeshi. Kiwanda chenyewe kilikufa mapema katika miaka ya 1970. Nguvu zake ni kama za farasi 13 tu, wala haina haraka. Lakini huvuta mlima kwa utulivu kama ng'ombe wa plau, na fundi mwenye spana na subira aweza kuifungua yote na kuifunga tena. Katika mashindano ya Concours d'Elegance ya Nairobi watu hulipa kiingilio ili kuzitazama pikipiki kuukuu za namna hiyo.

Kumpa kijana ni jambo jingine, maana hapo pana hatari ambayo yeye hana habari nayo. Katika bodaboda breki ya nyuma hukanyagwa kwa mguu wa kulia. Katika M20 mguu wa kulia ni wa gia, na breki iko kushoto! Mtu aliyezoea huku, akishtushwa na mbuzi kwenye kona, atakanyaga gia huku akidhani amekanyaga breki. Basi na aizoee kwanza uwanjani, juma zima, hata miguu isahau ada yake ya zamani.

Kuwasha nako kuna adabu yake. Kwenye usukani pana mkono mdogo wa kuwahisha au kuchelewesha cheche. Usipoichelewesha kabla ya kupiga teke, teke hilo hurudi, nao muundi wa mguu ndio ulipao. Tena juu ya vilima, panapopita mita 2,000, hewa ni nyepesi. Injini hunywa petroli kupita kiasi na plagi huwa nyeusi kwa masizi. Sindano ya kabureta na ishushwe kidogo.

Sasa tufike Kituluni, yapata kilomita 12 kutoka mjini Machakos. Wengi wenu mmepaona mahali pale ambapo maji yakimwagwa barabarani huonekana yakipanda, na gari lililotolewa gia hujiendea lenyewe kana kwamba lapanda mlima. Hapana uchawi wala sumaku. Vilima vilivyopazunguka hulidanganya jicho, hata mteremko ukaonekana kuwa mwinuko. Watu hucheka, hupiga picha, huenda zao.

Mimi sicheki sana. Katika ujana wangu niliteremka vilima vya Mua juu ya pikipiki ya kale ya kuazima, nikiwa nimetoa gia ili kubana petroli. Jicho liliniambia kuwa mteremko umekwisha. Kumbe ulikuwa umepungua kidogo tu, na baada ya kona ukazidi. Breki za ngoma zilikwisha kupata moto. Nilivuta mkono mpaka ukagusa usukani, wala hakuna kilichoshika. Kando ya njia palikuwa na mashamba ya matuta, nami nikachagua tuta lenye maharagwe. Mama mwenye shamba alinipa maji ya kunywa, akanifuta damu, kisha akahesabu mashina niliyoyavunja, moja moja, kwa sauti. Nililipa yote, na pikipiki nikaisukuma mpaka mjini.

Tangu siku hiyo, gia niliyopandia ndiyo niteremkiayo, injini ishike mwendo, na breki ipumzike mpaka kwenye kona.

Kwa hiyo, Bwana wa Mutituni, mwambie kijana aanze hivi: amwage mafuta yote ya zamani, maana katika pikipiki hizo hujivujia chini ya injini zikikaa, atie mipira mipya ya magurudumu, hata ile ya zamani ikionekana nzima, avishe viatu vya breki upya. Nawe utafute kitabu cha pikipiki katika sanduku la marehemu kabla panya hawajakimaliza. Siku ya kwanza ya Kituluni, mfuate nyuma kwa gari.

Msomaji wa Kangundo aliyeuliza juu ya punda na mkokoteni atajibiwa juma lijalo.