Kisangani: Kompyuta ni ya aliyeinunua ao ya aliyeitengeneza?

Fikiria fundi wa kompyuta mjini Kisangani, anayeletewa ThinkPad X230 ambayo Wi-Fi yake imekufa. Anatoa kadi iliyoharibika, anaweka ingine aliyoitoa katika mashini ingine. Anawasha. Mashini inagoma: inaandika kwamba kadi hiyo ya mtandao haikuruhusiwa. Kadi ni nzima, mteja anangoja. Aliyekataa hayuko Kisangani. Ni orodha ya kadi zilizokubaliwa, ambayo mtengenezaji aliificha ndani ya BIOS, programu ya kwanza kuamka kila kompyuta inapowashwa.

Tantali inayotoka katika koltani ya Kivu hutumiwa katika vifaa vya kompyuta kama hizo. Lakini mwanainchi aliyeinunua hana ruhusa ya kuchagua kadi ya Wi-Fi. Hilo si jambo la kawaida, hata kama watu wamelizoea.

Dawa iko tangu zamani. Mwaka 1999, Ron Minnich na wenzake katika maabara ya Los Alamos, Marekani, walianza LinuxBIOS, programu huria ya kuchukua nafasi ya BIOS. Mwaka 2008 ilipewa jina la coreboot. Leo Chromebook nyingi huamka nayo. X230, ya mwaka 2012, nayo inaikubali, na coreboot haina orodha yoyote ya kadi.

Ila coreboot inafanya kazi ndogo kwa makusudi. Inaamsha prosesa, inatayarisha RAM, kisha inakabidhi mashini kwa programu ingine inayoitwa mzigo. Yenyewe haijui kusoma diski. Kazi ya kutafuta Linux na kuiita inabaki kwa butiloda, na hapo ndipo kijana anaweza kutengeneza kitu kwa mikono yake. GRUB, ambayo watumiaji wa Linux wanaijua, inaweza kuwa mzigo huo. Wakati wa kuitayarisha, jukwaa la coreboot linachaguliwa pahali pa lile la kawaida, kisha amri ya make default_payload.elf inatoa faili moja. Faili hiyo inaingizwa katika picha ya chipu kwa kutumia cbfstool. Toka hapo GRUB inakaa ndani ya chipu. Hata diski ikitolewa, yenyewe itaamka.

Wengi wanajikwaa hapa: GRUB ya kawaida inaiomba BIOS iisomee diski. Sasa BIOS hiyo haiko tena. GRUB lazima ibebe draiva zake, na hata majina ya diski yanageuka: iliyoitwa hd0 inakuwa ahci0. Aliyenakili faili ya zamani atabaki akitazama kioo, na ataanza kulaumu chipu bure. Afadhali kuiambia GRUB itafute diski kwa UUID yake.

Wanaoogopa wana haki. Kwa familia nyingi, kompyuta moja ni akiba ya miezi, na umeme wa Kisangani ukikatika chipu ikiwa inaandikwa kutoka ndani ya mashini, hasara ni kubwa. Ndiyo maana mara ya kwanza chipu huandikwa kutoka inje, kwa klipu na kifaa kidogo cha kuandikia, mashini ikiwa imezimwa na betri imetolewa. X230 ina chipu mbili, ya MB 8 na ya MB 4. Zote zinasomwa mara mbili, nakala zinalinganishwa, na ile ya asili inachungwa vizuri: ndiyo njia ya kurudi. Vifaa vya CH341A vya bei rahisi vinahitaji uangalifu, maana vingine vinatuma volti 5 kwa chipu ya volti 3.3.

Tena si kila mashini itakubali. Tangu 2013, prosesa nyingi za Intel zina Boot Guard, na pale mtengenezaji alipoiwasha, programu isiyo na sahihi yake haiamki. Ni ajabu: kompyuta ya zamani inamtii mwenyewe kuliko mpya. Na tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipofunga msaada wa kawaida wa Windows 10, hizo za zamani zinaitwa takataka, wakati Linux bado inakimbia juu yake.

Shule za infomatiki za Tshopo zinafundisha Word na Excel, na hiyo si mbaya. Lakini mwanafunzi anayeweza kuandika programu anaweza pia kuanza na hii, bila kugusa mashini ya mtu. Coreboot inakubali QEMU, kompyuta ya kuigiza. Intaneti inahitajika kwa kupakua msimbo. Kisha ni subira, maana kutengeneza vyombo vya kompaila kwa kompyuta ya zamani kunachukua masaa. Akikosea, anafuta na kuanza tena, bila hasara ya franga hata moja. Akifaulu, ataona grub> kwa herufi nyeupe, ndani ya dirisha dogo, na hakuna diski yoyote.