Baiskeli bila honi

Tangu siku ile nilipogongwa na gari niliapa: baiskeli basi! Lakini kule Ufaransa mwenyeji wangu hakutaka kusikia. Akanipeleka Passa Païs, njia ya changarawe kati ya Mazamet na Bédarieux, zaidi ya kilomita 70, magari marufuku.

Zamani ilikuwa reli. Na kwa vile treni haiwezi kupanda mlima mkali, vilima vyote vile unavipita taratibu, kwa madaraja na mahandaki. Hata mguu mvivu kama wangu unafika.

Mwanzoni kila dakika nageuka nyuma. Wapi! Baada ya saa nzima shingo ikatulia, nikaanza kupiga mluzi. Jamani, kumbe siku zote sikuwa naogopa baiskeli!