Sahani ya Bibi kwa Beseni la Plastiki?

Hebu nikuulize. Kule kwenu Kipini, Witu au Ngao, je, kuna sahani kuukuu yenye maua ya buluu ambayo hakuna anayeruhusiwa kulia? Kwa bibi yangu Kipini ilikuwako moja. Likizo ya Agosti nilikuta pamebaki msumari tu ukutani. Mnunuzi alipita, akatoa beseni jipya la plastiki, akaenda zake na sahani. "Ile ilikuwa na ufa, mjukuu wangu," bibi akaniambia, "na beseni nachotea maji." Sikuwa na la kumjibu. Sasa ninalo.

Sahani zile hazikuchorwa kwa mkono. Fundi alichonga picha kwenye bamba la shaba, akalipaka wino, akachapa karatasi nyembamba, nayo karatasi ikabandikwa kwenye chombo kabla ya kutiwa mng'ao na kuchomwa tena. Tazama ukingoni: utaona mahali vipande vya karatasi vilipokutana na maua yakakosa kuungana! Waingereza walianza kazi hiyo karne ya 18, na biashara waliijua. Walipigana na Wamarekani toka 1812 hadi 1815. Vita vilipokwisha, viwanda vya Staffordshire vikawachapia maadui hao hao sahani za buluu zenye picha za miji na mashujaa wao. Pesa haina kinyongo, bwana! Na Wamarekani hao, waliokuwa wakilia sahani za Waingereza, ndio walioleta Unguja kitambaa tunachokiita marekani hadi leo.

Pwani yetu pia ilikuwa soko. Karne ya 19 vyombo vya Uingereza na Uholanzi viliingia Unguja na Lamu. Ukipindua sahani ya zamani huenda ukakuta chapa ya Petrus Regout wa Maastricht, Uholanzi. Chapa itakwambia ilikotengenezwa, basi. Nani aliileta, kwa jahazi au kwa miguu, katika harusi ya nani, hayo anayo bibi, na mnunuzi hakuyauliza.

Kuna watakaosema eti mwenye shida ya maji hali historia. Kweli, wala simlaumu bibi. Lakini Wamarekani wameandika vitabu vizima juu ya sahani zao. Sisi wa Tana tumeandika nini? Na mto wetu hausubiri: mafuriko ya 1997 na yale ya 2023 yaliondoka na nyumba za watu pamoja na vyombo vyake.

Kwa hiyo namwomba mlezi wa chama atupatie daftari moja kubwa. Kila mwanachama arudipo likizo aandike chombo kimoja cha kwao: kilivyo, chapa yake, na maneno ya mwenyewe. Kuuza auze akitaka, lakini baada ya kuandika.

Mimi nitaanza na sahani ambayo haipo. Bibi anasema mamake aliletewa na mumewe kutoka Lamu, imefungwa ndani ya mkeka, na ule ufa ilikuja nao.