Makala za Utafiti Zirudi Wodini

Mtoto mwenye homa kali hufikishwa hospitalini akiwa mlegevu, mikono na miguu imepoa, mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Damu haizunguki inavyopaswa. Katika nchi tajiri, miongozo ya tiba ilielekeza kwa miaka mingi kwamba mtoto wa namna hiyo atundikiwe dripu na kuingiziwa maji mengi kwa kasi. Katika hospitali nyingi za Afrika, zisizo na vyumba vya uangalizi maalumu, tiba hiyo haikuwa ya kawaida, na wataalamu wengi waliamini kwamba laiti ingeenezwa, watoto wengi wangepona.

Imani hiyo ilipimwa kwa jaribio la kitabibu lililojulikana kwa jina la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: waliopewa kwa haraka maji yenye albumini, waliopewa kwa haraka maji ya chumvi, na ambao hawakupewa maji ya haraka bali ya kawaida ya kuwahudumia. Katika saa 48 za mwanzo, walifariki asilimia 10.6 katika kundi la kwanza, asilimia 10.5 katika la pili, na asilimia 7.3 katika la tatu. Tiba iliyotarajiwa kuokoa iliambatana na vifo takriban vitatu zaidi katika kila watoto mia moja. Jaribio lilisitishwa kabla ya muda wake, na matokeo yakachapishwa Mei 2011 katika jarida la New England Journal of Medicine.

Mwongozo uliosasishwa wa Shirika la Afya Duniani kuhusu huduma ya dharura kwa watoto ulitoka mwaka 2016. Kati ya makala na mwongozo kulipita miaka mitano. Katika miaka hiyo, maarifa yaliyopatikana kwa jasho la wauguzi wa Afrika Mashariki na kwa ridhaa ya wazazi wao yalikuwepo, lakini yalimfikia yule tu aliyejua pa kuyatafuta na namna ya kuyasoma. Ndiyo sababu si haki kuendelea kuyachukulia makala ya kitaaluma kama mali ya wanafunzi wanaoandika tasnifu. Ni vifaa vya kazi, kama kilivyo kipimo cha joto.

Makala iliyohakikiwa ni ipi? Mwandishi hupeleka andiko lake kwa mhariri wa jarida. Mhariri hulipeleka kwa wataalamu wengine wa fani hiyo hiyo, ambao hawakushiriki katika utafiti, nao hulichambua: je, swali liko wazi, mbinu zinafaa, takwimu zimekokotolewa ipasavyo, hitimisho halizidi ushahidi? Andiko laweza kukataliwa, kurudishwa lifanyiwe marekebisho, au kukubaliwa. Huo ndio uhakiki wa wataalamu wenza. Tangazo la dawa, hotuba ya semina na ujumbe unaosambazwa kwa simu havipiti katika chujio hilo.

Hata hivyo, chujio lina matundu. Mwaka 1998 jarida mashuhuri la The Lancet lilichapisha makala iliyoashiria uhusiano kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, na tatizo la usonji. Ilihusu watoto 12 tu, wala haikuwa na kundi la ulinganisho. Makala hiyo ilibatilishwa mwaka 2010, lakini hofu iliyopandwa kwa miaka kumi na miwili haikung'oka siku hiyo. Kwa hiyo, muhuri wa uhakiki humruhusu msomaji kuanza kusoma kwa makini. Haumwondolei wajibu wa kupima.

Kupima kwenyewe hakuhitaji shahada ya takwimu. Msomaji aanze na maswali manne: waliochunguzwa ni nani, walifanyiwa nini, walilinganishwa na nani, na kilichopimwa ni kipi? Anayesoma ikisiri pekee aweza kudhuru. Katika jaribio la FEAST, watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakujumuishwa. Mhudumu asiyefika kwenye sehemu ya mbinu anaweza kumnyima maji mtoto aliyekaukiwa kwa kuhara, akidhani anafuata sayansi, ilhali makala haikumhusu mtoto huyo.

Kutafuta nako kuna utaratibu. Maswali manne hayo hayo hugeuzwa kuwa maneno ya kutafutia, kwa kawaida kwa Kiingereza, kisha huingizwa katika kanzidata. PubMed, inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, hutafutwa bila malipo. African Journals Online hukusanya majarida yanayochapishwa barani Afrika. Cochrane huandaa mapitio yanayojumuisha tafiti nyingi kuhusu swali moja, na kwa mtu mwenye muda mfupi hapo ni pazuri pa kuanzia. Pale makala kamili inapofungwa kwa malipo, mpango wa Hinari, ulioanzishwa mwaka 2002 kwa ushirikiano wa Shirika la Afya Duniani na wachapishaji, huziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma bure au kwa ada ndogo. Ni vema mkutubi aulizwe kwanza, kabla ya mtu kukata tamaa.

Tahadhari moja zaidi yahitajika. Yapo majarida ya walaghai, yanayotoza ada na kuchapisha chochote kwa siku chache bila uhakiki wa kweli. Majina yao hufanana na ya majarida yenye heshima. Jarida lisiloonesha wazi wahariri wake, utaratibu wake wa uhakiki na ada zake, halistahili kuaminiwa kwa uhai wa mgonjwa.

Watasema wengine kwamba muuguzi mwenye wodi iliyofurika hana nafasi ya kusoma, na kwamba kazi yake ni kufuata mwongozo. Hoja hiyo ina uzito. Mtu mmoja asibadili tiba kwa sababu ya makala moja aliyoisoma usiku. Lakini miongozo hutokana na makala, nayo huchelewa. Mhudumu anayesoma huwa wa kwanza kuuliza katika kikao cha asubuhi, na swali lililoulizwa kikaoni huweza kufika kwenye kamati ya tiba ya hospitali. Makala moja kwa mwezi, ikijadiliwa na wote kwa nusu saa, yatosha kuanzia.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Anayeambiwa kwamba dawa fulani imethibitishwa na utafiti ana haki ya kuuliza: utafiti upi, umechapishwa wapi, kwa wagonjwa wangapi, nao walifanana naye? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Daktari mwema hufurahia swali hilo, na muuzaji wa miujiza hulikimbia.

Mzigo mkubwa, hata hivyo, wazikalia taasisi. Vyuo vya tiba vifundishe kutafuta na kupima makala kwa wauguzi, matabibu na wafamasia walioko kazini, si kwa wanafunzi wa uzamili peke yao. Hospitali za wilaya zisajiliwe katika mipango ya kusoma bila malipo, na nywila zisifungiwe kabatini mwa mkuu wa idara. Na kila utafiti unaofanywa kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki uwe na muhtasari wa Kiswahili, unaorudishwa katika wodi ile ile ulikofanyika. Mzazi aliyeridhia mwanawe achunguzwe hadai malipo. Anadai, kwa haki kabisa, aambiwe kilichoonekana, na kwamba mtoto atakayelazwa baadaye katika kitanda kile kile atanufaika nacho.