Kabla ya kupokea tableti, tupime hali ya shule zetu

Katika mikutano ya wazazi ya shule nyingi za kanisa huku mashariki mwa Congo, neno teknolojia linazidi kusikika. Wafadhili wanaahidi tableti. Makampuni ya simu yanatangaza masomo ya kwenye intaneti. Ndugu zetu walio Ulaya na Amerika wanauliza kama wanaweza kutuma kompyuta zilizokwisha kutumika. Nia zao ni njema, na watoto wetu wanastahili vyombo vizuri kama watoto wengine. Lakini kabla ya kuuliza mashine ngapi zitakuja, kuna maswali juu ya shule itakayozipokea. Ina umeme saa ngapi kwa siku? Mwalimu mmoja ana watoto wangapi? Kitu kikiharibika, nani atakitengeneza, na kwa feza gani?

Jambo hili linatugusa sisi waamini kuliko wengi wanavyofikiri. Tangu makubaliano ya mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule nyingi za umma ziko chini ya usimamizi wa makanisa, na Waprotestanti tuna mtandao wetu wa shule za konvansione. Serikali inaweka programu ya masomo na ndiyo inayopaswa kulipa walimu. Usimamizi wa kila siku uko mikononi mwa kanisa. Tableti zikilala kabatini bila kutumika, hatutaweza kusema kosa ni la Kinshasa peke yake.

Mambo yaliyoonekana kwingine

Nchi ya Peru iligawa zaidi ya kompyuta ndogo 850,000 kwa wanafunzi. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ilifuatilia shule za msingi 319 za vijijini na kutoa matokeo mwaka 2012. Shule zilizopewa zilikuwa na kompyuta zaidi ya moja kwa kila mtoto, na watoto walizoea kuzitumia. Lakini katika hesabu na lugha, hawakuonekana kuwapita watoto wa shule ambazo hazikupewa. Intaneti karibu haikuwepo, na walimu hawakuandaliwa vya kutosha kuingiza chombo hicho katika masomo yao.

Karibu nasi, huko Kisumu nchini Kenya, watafiti walilinganisha njia tatu: kuwapa wanafunzi vifaa vya kusomea, kuwapa walimu tableti, au kuwapa tableti washauri wanaozunguka shuleni kusaidia walimu. Njia zote tatu ziliendana na vitabu na mafunzo ya walimu. Matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba kusoma kuliendelea mbele katika makundi yote. Lakini kifaa mikononi mwa kila mtoto hakikuleta faida kubwa kuliko kumpa mshauri tableti moja, na gharama yake ilikuwa mbali zaidi.

Upande mwingine kuna habari ya mkoa wa Tanga, Tanzania. Kuanzia mwisho wa 2017, watoto karibu 2,700 katika vijiji vipatavyo 170 walipewa tableti zenye programu za Kiswahili, katika shindano la Global Learning XPRIZE. Mwanzoni, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, hesabu hiyo ilishuka karibu nusu. Basi mashine inaweza kusaidia. Lakini tusisahau kwamba kule Tanga kila kijiji kilijengewa mahali pa kuchajia kwa nguvu za jua, lugha ilikuwa ya watoto wenyewe, na kulikuwa na watu wa kufuatilia.

Tableti za Tanga na kompyuta za Peru hazikutofautiana sana kama vyombo. Kilichotofautiana ni yale yaliyozizunguka, na hayo yanaweza kupimwa.

Nini kinapimwa

Benki ya Dunia imetengeneza kipimo cha kuona kama shule ziko tayari kwa teknolojia. Kinaangalia mambo sita: uongozi wa shule, walimu, wanafunzi, vifaa, intaneti, na masomo yaliyotayarishwa kwa njia ya kidijitali. Uzuri wake ni kwamba kinatenga mambo mawili ambayo sisi huchanganya mara nyingi: sheria inavyosema, na hali ilivyo darasani.

Kwetu tofauti hiyo ni kubwa. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 ilisema kwamba duniani kote shule ya msingi moja kati ya nne haina umeme, na ni asilimia 40 tu ya shule za msingi zilizounganishwa na intaneti. Kwa Congo hali ni nzito zaidi, kwa sababu katika nchi nzima ni mtu mmoja hivi kati ya watano anayefikiwa na umeme. Benki ya Dunia inakadiria pia kwamba watoto 97 kati ya 100 wenye umri wa miaka kumi nchini hawawezi kusoma na kuelewa andiko rahisi. Mtoto asiyesoma hatasaidiwa na tableti iliyojaa maandishi ya Kifaransa.

Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa, pamoja na Kiswahili, katika madarasa ya mwanzo. Kwa hiyo kipimo cha kwanza juu ya programu yoyote ni rahisi: inasema lugha gani, na inafuata programu ya masomo ya nchi gani?

Kuhesabu kwa kweli

Shida ya kupima ni kwamba fomu hujazwa na mtu mwenye sababu ya kujibu vizuri. Mkurugenzi akiulizwa, "Shule ina umeme?", ataandika ndiyo, kwa sababu waya unafika ukutani. Anaogopa kwamba akiandika hapana, msaada utakwenda shule nyingine. Afadhali kuuliza hivi: wiki mbili zilizopita, umeme uliwaka saa ngapi wakati wa masomo? Na anayehesabu asiwe yule atakayefaidika na jibu. Komite ya wazazi, pamoja na mwalimu mmoja, wanaweza kuandika hayo katika daftari kila siku bila gharama yoyote.

Ni vivyo hivyo kwa walimu. Kuhesabu waliohudhuria semina hakutoshi. Tuulize wangapi wanaweza kufungua somo, kulifundisha na kuendelea kifaa kinapozima. Tuulize pia wangapi wanalipwa, kwa sababu wapo wanaofundisha miaka bila kuingia katika orodha ya mshahara. Kumwongezea mtu kama huyo kazi ya kulinda tableti 40 ni kumtwika mzigo juu ya mzigo.

Tena kuna wanafunzi wenyewe. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa. Tableti kumi katika darasa la watoto themanini zitashikwa na nani? Mara nyingi ni wavulana wa mbele, huku msichana aliyechelewa kwa sababu ya kuchota maji akitazama kwa mbali. Hilo nalo lihesabiwe.

Usalama hauna haja ya maelezo marefu kwa wasomaji wa Kivu na Ituri. Shule ambayo imewahi kupokea wakimbizi wa vita madarasani, au kuvunjwa milango usiku, inajua kwamba kifaa cha bei huvuta wezi. Swali ni kitalala wapi, na nani atawajibika.

Mwisho kuna gharama, na hapa ndipo mipango mingi inapokwama. Elimu ya msingi ikiwa bure, mkurugenzi hana ruhusa ya kuomba wazazi franga za batri, za mega au za fundi. Mfadhili ananunua mashine mara moja, lakini mashine inaomba chakula kila mwezi. Kama hakuna mfuko uliotajwa kwa jina tangu mwanzo, zawadi hiyo ni deni. Bwana wetu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara (Luka 14): huketi kwanza na kuhesabu.

Kipimo kidogo si kufungiwa mlango

Shule ikipata alama za chini isihesabiwe kwamba haistahili. Kipimo kinasaidia kuchagua chombo kinachofaa. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, Radio Okapi ilipeleka masomo hewani kwa kipindi cha Okapi École, na redio ndogo ya betri iliweza kuyaingiza hata mahali pasipo intaneti. Mahali pasipo umeme, pengine simu moja ya mshauri anayezunguka, pamoja na vitabu vya kutosha, itafaa kuliko chumba cha kompyuta. Kisumu ilionyesha hivyo. Penye sola, mwalimu aliyeandaliwa na mlango unaofungwa, tableti zije.

Kwa hiyo, kabla ya Septemba, kila komite ya shule na kila parokia inaweza kuandika ukurasa mmoja: saa za umeme, idadi ya watoto kwa darasa, walimu wanaolipwa na wasiolipwa, mahali pa kulaza vifaa, lugha ya masomo, na mfuko wa matengenezo. Ukurasa huo upelekwe kwa koordinasio ya shule. Mfadhili atakapokuja na orodha ya vitu anavyotaka kutoa, aonyeshwe kwanza orodha yetu.